Uovu wa Kuigiza na Dhamiri ya Kweli: Maadili katika Michezo ya Kompyuta

UTANGULIZI

Tangu zamani binadamu amekuwa na desturi ya kuigiza maovu asiyoyatenda. Msimulizi wa ngano hukoroma akawa fisi mlafi. Mcheza ngoma huvaa kinyago cha kutisha. Na katika jukwaa la shule mwanafunzi mpole humchoma Kaizari kisu mbele ya wazazi, nao wazazi hushangilia. Hakuna amwitaye mwanafunzi huyo muuaji. Sababu yake ni nyepesi: yeye hakuamua kuua. Aliyeamua ni Shakespeare, na mwanafunzi ametamka tu maneno yaliyoandikwa katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1963.

Katika nusu karne iliyopita umezuka uigizaji wa aina nyingine, ambao kwa Kiswahili waweza kuitwa mchezo wa uhusika. Katika mchezo huo, unaochezwa kwa kompyuta au kwa mashine iliyounganishwa na televisheni, mchezaji huvaa nafsi ya mhusika wa kubuni na kuzunguka katika nchi ya kubuni. Kila mara huwekewa njia mbili au zaidi: kumwokoa mateka au kumwuza, kusema kweli au kudanganya, kugawana chakula au kukipora. Hapana mwandishi aliyemwamulia. Hapana polisi, jirani wala mzazi amwonaye. Na yule anayeumizwa si mtu, bali ni picha na namba zilizomo ndani ya mashine.

Kwa kufikiri haraka ingetazamiwa kwamba mtu aliyepewa uhuru wa namna hiyo atautumia kutenda kila ubaya ambao maisha humkataza. Lakini yaliyoonekana ni kinyume chake. Wachezaji wengi huchagua wema, na wengi wa wale wanaochagua uovu huona haya. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyohesabu wema na ubaya, mambo waliyoyagundua wanasaikolojia kwa kuwachunguza wachezaji, na kwa nini jambo hili linamhusu hata mwanafunzi asiyepata kuugusa mchezo wa aina hiyo.

ASILI YA MICHEZO YA UHUSIKA

Chimbuko la michezo hii si kompyuta bali ni karatasi, kalamu na dadu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji walikaa kuizunguka meza. Mmoja akawa msimulizi, na wengine kila mmoja akawa na mhusika wake. Kila mhusika alipewa msimamo wa kimaadili. Hapo mwanzo misimamo ilikuwa 3 tu: mfuata sheria, mvuruga sheria, na yule asiyeegemea upande. Ilipofika mwaka 1978, katika toleo lililopanuliwa la mchezo huo, iliongezwa mizani ya pili, ya wema na uovu, na misimamo ikawa 9. Kwa hiyo mtu aliweza kumwigiza mwovu anayefuata sheria, au mwema anayezivunja. Hili lilikuwa wazo lenye maana, kwa sababu liliwafahamisha vijana kwamba uhalali na wema si kitu kimoja.

Michezo ya uhusika ilipohamia katika kompyuta, mwanzoni ilikuwa na shabaha moja tu: kumwua adui mkubwa na kukusanya mali. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1985, Richard Garriott alipotoa mchezo wake wa Ultima IV. Humo hamna adui mkuu wa kuuawa. Kazi ya mchezaji ni kuwa mtu mwema kwa kutimiza fadhila 8: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa mhanga, heshima, ucha Mungu na unyenyekevu.

Mfano mmoja wa mchezo huo unastahili kutajwa. Wauzaji wa dawa za mitishamba ni vipofu, na mnunuzi huachiwa aweke mwenyewe fedha anazodaiwa. Akipunja, muuzaji hatambui, na bidhaa anapata. Mchezaji mjanja hudhani amefaulu. Lakini kompyuta imeandika kimyakimya, na baadaye, anapotaka kuhesabiwa miongoni mwa wakweli, hukuta mlango umefungwa. Kwa mara ya kwanza wachezaji wengi walijikuta wakiulizwa swali ambalo wanafalsafa wameliuliza kwa zaidi ya miaka 2,000: je, ungetenda haki hata kama hakuna anayekuona?

JINSI KOMPYUTA INAVYOHESABU WEMA

Kompyuta haijui wema wala ubaya. Inachojua ni namba. Mtungaji wa programu hutenga nafasi katika kumbukumbu ya mashine na kuweka humo namba, tuseme sifuri. Kila tendo la mchezaji hupewa thamani. Tendo jema huongeza na tendo baya hupunguza. Kisha watu wa kubuni waliomo mchezoni huamriwa wamtendee mhusika kulingana na namba hiyo: wampe zawadi, wamkimbie au wamwinde.

Mfano ulio wazi ni mchezo wa Fallout 3, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2008. Habari zake hutokea katika magofu ya mji wa Washington, mwaka wa kubuni 2277, baada ya vita vya nyuklia. Namba ya maadili katika mchezo huo huanzia hasi 1,000 hadi chanya 1,000. Anayefikia 250 au zaidi huhesabiwa kuwa mwema. Aliye na hasi 250 au chini yake huhesabiwa kuwa mwovu. Na walio katikati hawako huku wala huko.

Mapema katika mchezo huo mhusika hufika katika mji mdogo uitwao Megaton, uliojengwa kulizunguka bomu la nyuklia lililoanguka zamani bila kulipuka. Mkuu wa mji humwomba alitegue bomu hilo. Lakini mgeni mmoja aliyevaa suti humnong'oneza kwamba yuko tajiri anayeishi katika jengo refu lililo mbali, ambaye mji ule wa maskini unamharibia mandhari ya dirishani. Mhusika akilitega bomu na kuulipua mji, atapewa fedha na makazi mazuri. Akikubali, hupelekwa ghorofani, hubonyeza kitufe, na hutazama wingu la moto likipanda juu ya watu aliokwisha kuzungumza nao. Baadaye, mhusika anapokutana na baba yake aliyekuwa akimtafuta, baba huyo humweleza masikitiko yake.

Katika hesabu za mashine, kuulipua mji huo hupunguza alama 1,000. Kulitegua bomu huongeza 200. Kuiba kitu kidogo hupunguza 5. Na kumpa ombaomba chupa moja ya maji safi huongeza 50. Msomaji na akokotoe mwenyewe: mtu aliyeanza na sifuri akauteketeza mji mzima, akigawa chupa 20 za maji, hesabu yake inarudi sifuri. Kwa mashine yeye hana deni tena. Lakini hapana mwanafunzi ambaye angesadiki hukumu hiyo, na hapo ndipo somo la kwanza linapopatikana. Tukikataa kwamba chupa 20 za maji zina uzito sawa na mji, tunakiri kwamba wema una namna ya uzito isiyoingia katika kujumlisha na kutoa. Mashine imelisaidia wazo hilo lionekane kwa kulikosea.

Somo la pili linatoka Japani. Katika toleo la mchezo huo lililouzwa nchini humo, njia ya kuulipua mji iliondolewa kabisa, na mgeni yule wa suti hakuwekwa. Si vigumu kuelewa sababu, kwa kuwa miji ya Hiroshima na Nagasaki iliangamizwa kwa mabomu ya atomiki mwezi Agosti 1945. Namba zilizomo katika mashine ni zilezile, Washington hata Tokyo. Ila kumbukumbu ya mtu anayezitazama si ileile. Basi uzito wa tendo haumo katika kompyuta. Mchezaji huja nao.

WACHEZAJI HUTENDA NINI HASA?

Faida mojawapo ya michezo hii kwa sayansi ni kwamba maamuzi ya watu yanaweza kuhesabiwa. Mwaka 2013 kampuni ya BioWare ya Kanada ilitangaza takwimu za mchezo wake wa Mass Effect 3, uliotolewa mwaka 2012. Katika mchezo huo nahodha wa chombo cha anga aweza kufuata njia ya uungwana au njia ya ukatili. Waliofuata uungwana walikuwa asilimia 64.5, na waliofuata ukatili asilimia 35.5. Mwaka 2020 mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa wabunifu wa michezo hiyo alisema hadharani kwamba, kwa kadiri alivyokumbuka, walioichagua njia ya uungwana walikuwa karibu asilimia 92.

Mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: mbona takwimu hizi mbili zimeachana hivyo? Ya kwanza ilitolewa na kampuni juu ya mchezo mmoja. Ya pili ni ukadirio wa mtu. Aidha, matokeo hutegemea kile kinachohesabiwa: mchezaji anayemaliza mchezo mara mbili, mara ya kwanza kwa wema na mara ya pili kwa uovu, ahesabiwe upande gani? Hata hivyo vipimo vyote viwili vinaelekea upande mmoja. Walio wengi huchagua wema.

Mtafiti Amanda Lange, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 2014, aliwauliza maswali wachezaji zaidi ya 1,000. Alikuta kwamba wengi hucheza kwa wema mara ya kwanza, na uovu huuweka kwa mara ya pili, wakishaijua hadithi. Yaani uovu kwao ni udadisi: wanataka kuona mtungaji ameandika nini katika njia ile waliyoiacha.

Uchunguzi mwingine ulifanywa na Andrew Weaver na Nicky Lewis, na kuchapishwa mwaka 2012. Watu 75 waliwekwa wacheze sehemu ya mwanzo ya Fallout 3, na maamuzi yao yakaandikwa. Wengi wao waliamua kana kwamba wanashughulika na watu halisi. Waliotenda maovu walijisikia kuwa na hatia zaidi kuliko wenzao, lakini furaha yao ya kucheza haikupungua. Jambo hili la mwisho ni la kuangaliwa kwa makini. Hatia na burudani vinaweza kukaa pamoja katika moyo mmoja, kama vile mtazamaji wa tanzia anavyolia na bado akatoka ukumbini ameridhika.

Mwaka huohuo wa 2012 Sven Joeckel, Nicholas Bowman na Leyla Dogruel walitoa matokeo yanayoongeza ufafanuzi. Watafiti hawa walianza kwa kupima ni msingi gani wa maadili ulio muhimu zaidi kwa kila mtu: kutomdhuru mwingine, haki, uaminifu kwa kundi, heshima kwa wakubwa, au usafi na utakatifu. Kisha wakampa kila mmoja mchezo wenye nafasi ya kuivunja misingi hiyo. Pale msingi uliopendwa na mtu ulipoguswa, aliepuka kuuvunja. Pale ulipoguswa msingi asioujali sana, aliamua kama mtu anayerusha sarafu: nusu huku, nusu kule. Hii ina maana kwamba mtu haachi maadili yake mlangoni. Huingia nayo, lakini huingia na yale aliyonayo kweli, si yale anayodai kuwa nayo.

MWILI HAUSADIKI KUWA NI MCHEZO

Kwa nini mtu aone vibaya kuitesa picha? Jibu moja lilitoka London mwaka 2006, katika jaribio lililoongozwa na Mel Slater. Ili kulielewa yafaa kukumbuka jaribio la zamani zaidi la Stanley Milgram, lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 1963. Milgram aliwaamuru watu wampe mwenzao mishtuko ya umeme kila alipokosea jibu. Mishtuko ilikuwa ya uongo, lakini wao hawakujua. Katika watu 40, watu 26 waliendelea mpaka kikomo cha volti 450. Jaribio hilo lilileta mabishano makali, kwa kuwa wahusika walidanganywa na wengi wao walitaabika sana.

Slater na wenzake walilirudia kwa njia isiyomdanganya mtu. Aliyepewa mishtuko alikuwa mwanamke wa kubuni, aliyechorwa na kompyuta, na kila mshiriki aliambiwa hivyo tangu mwanzo. Washiriki 23 waliweza kumwona na kumsikia. Washiriki 11 waliwasiliana naye kwa maandishi tu. Wale 11 wote walitoa mishtuko yote 20 iliyohitajiwa. Lakini katika wale 23, watu 6 waliacha kabla ya mwisho. Vipimo vya mapigo ya moyo na vya ngozi vilionyesha kwamba miili yao ilifadhaika kama inavyofadhaika mbele ya tukio la kweli. Akili ilijua kuwa hapana mtu. Mwili haukungojea akili.

Maelezo yake ni kwamba ubongo wa binadamu ulikua katika mazingira ambamo kila uso uliolia ulikuwa uso wa mtu. Hapakuwa na picha zinazosema. Kwa hiyo ishara za maumivu, yaani sauti, macho na jina, huamsha huruma kwa haraka, kabla mtu hajapata nafasi ya kujikumbusha kuwa ni mchezo. Anayemwonea haya mtu wa kubuni si mjinga. Moyo wake unafanya kazi yake ya kawaida.

JINSI DHAMIRI INAVYOLAZWA

Ikiwa dhamiri huingia mchezoni, mbona mamilioni ya watu hufyatua risasi katika michezo ya vita bila wasiwasi? Swali hili lilichunguzwa na Tilo Hartmann na Peter Vorderer katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, wakitumia nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura. Bandura alieleza kwamba watu wa kawaida hutenda maovu si kwa kukosa dhamiri, bali kwa kuilaza usingizi, na kuna njia zinazojulikana za kuilaza: kulipa tendo jina zuri, kumtwisha mkubwa lawama, kumwona mwenzio si mtu, kudharau madhara, na kusema kuwa aliyeumizwa alijitakia mwenyewe.

Hartmann na Vorderer walikuta kwamba watungaji wa michezo huzitumia njia hizohizo. Adui hufunikwa uso. Hana jina wala mama. Ndiye aliyeanza vita. Na mchezaji amepewa amri. Pale sababu ya kupigana ilipoonekana kuwa ya haki, wachezaji walijisikia kuwa na hatia kidogo. Ilipoonyeshwa kuwa haina haki, hatia ilipanda, ingawa vidole vilibonyeza vitufe vilevile.

Kulaza dhamiri kunaweza pia kufanywa na mazoea. Matthew Grizzard na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba wanafunzi waliomwigiza gaidi walijisikia kuwa na hatia kuliko waliomwigiza askari wa Umoja wa Mataifa, na kwamba hatia hiyo iliwafanya wawe wepesi zaidi kutambua makosa ya kudhuru na ya kudhulumu. Ubaya wa kuigiza, basi, waweza kuinoa dhamiri. Lakini katika utafiti uliofuata, wa mwaka 2017, wachezaji walirudia mchezo uleule kwa siku kadhaa. Hatia ilizidi kupungua, na walipopewa mchezo mwingine unaofanana na ule wa kwanza, hatia ilikuwa ndogo pia. Kisu kinachonolewa mara moja hukata. Kinachosuguliwa kutwa huisha makali.

Njia ya tatu ya kuilaza dhamiri haitazamiwi na wengi: ni zawadi. Mchezo unapolipa kila wema kwa alama, silaha au fedha, mchezaji huacha kuuliza lililo jema na huanza kuuliza linalolipa. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba tendo lina thamani ya kimaadili likitendwa kwa sababu ni wajibu, si kwa sababu lina faida. Kwa kipimo hicho, anayegawa maji ili apate alama 50 hafanyi ukarimu, anafanya biashara.

JE, MWOVU WA MCHEZONI HUWA MWOVU WA NYUMBANI?

Hofu hii ni kongwe. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alitaka vijana watakaoilinda dola wakatazwe kuwaigiza watu wabaya, kwa kuwa mwenye kuiga huzoea. Wahenga wa Kiswahili walisema vivyo hivyo kwa maneno machache: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, hakukubaliana naye. Yeye aliona kwamba kuonyeshwa mambo ya kutisha kwa njia ya sanaa kunaweza kuzisafisha hisia za mtu. Naye Kant, katika mihadhara yake, alionya kwamba anayemtendea mnyama ukatili huwa mgumu pia kwa binadamu.

Sayansi imesema nini? Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha uchunguzi wa vijana 1,004 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15. Hawakuona uhusiano baina ya kucheza michezo ya kikatili na ugomvi wa vijana hao kama ulivyoelezwa na wazazi wao. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilieleza kwamba kuna uhusiano mdogo na matendo kama kupayuka na kusukumana, lakini hapana ushahidi wa kutosha wa kuyahusisha mauaji na matendo mengine ya kinyama na michezo hii. Anayedai kuwa mchezo humgeuza mtoto mwema kuwa jambazi amepita mipaka ya ushahidi. Anayedai kuwa mchezo haumwachii mtu chochote naye amepita.

Kati ya madai haya mawili ipo njia ya katikati. Mchezo haumpandikizii mtu tabia mpya, bali humwonyesha jinsi tabia yake inavyoshawishika. Hili huonekana vizuri katika michezo iliyoiacha mizani ya namba. Katika The Witcher, mchezo wa kampuni ya CD Projekt ya Poland uliotolewa mwaka 2007, mhusika analinda shehena kando ya mto, na waasi wanaoonewa na wenye nguvu wanakuja kuidai. Kuwapa kunaonekana kuwa jambo la huruma. Saa nyingi za kucheza zikishapita, mtu ambaye mhusika angemhitaji katika upelelezi wake hukutwa ameuawa na waasi haohao. Hakuna alama iliyopungua na hakuna anayemwita mwovu, wala haiwezekani kurudi nyuma kwa urahisi, kwa maana njia ni ndefu. Kinachobaki ni tendo na matokeo yake, kama ilivyo duniani.

Nao mchezo wa Undertale, uliotungwa na Mmarekani Toby Fox mwaka 2015, waweza kumalizwa bila kumwua kiumbe hata mmoja. Mchezaji anayeua, kisha akajuta na kurudi pale alipohifadhi mchezo ili atende upya, hukuta kiumbe mmoja anakumbuka na kumsuta. Michezo mingine yote ilikuwa imemzoesha kwamba kosa linaweza kufutwa kwa kitufe. Huu unamwambia kwamba kutenda upya si sawa na kutotenda.

HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba kompyuta haina maadili. Ina namba tu, na namba hizo zaweza kuulinganisha mji na chupa za maji. Maadili huletwa na mchezaji. Huingia nayo bila kukusudia, mwili wake huyatetea hata akili inapocheka, na huyaacha pale anapopewa kisingizio kizuri, mazoea ya kutosha au malipo ya kuvutia.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa hata yule asiyecheza. Jina zuri, amri ya mkubwa, adui asiye na uso na bahasha yenye fedha ni vitu vilivyokuwapo kabla ya kompyuta. Havikubuniwa na watungaji wa michezo. Wao waliviazima kutoka katika historia ya binadamu. Kijana anayemwigiza mwovu, kisha akajiuliza ni kisingizio gani kilichomfanya abonyeze kitufe, amejifunza kukitambua kisingizio hicho siku atakapokutana nacho ofisini, sokoni au katika siasa. Asiyejiuliza amepoteza saa zake, na pengine sehemu ya makali ya dhamiri yake.

Mwalimu, kwa hiyo, hana haja ya kuuliza tu, "Unacheza mchezo gani?" Swali lenye manufaa zaidi ni hili: "Ulipotenda ubaya huo, mchezo ulikupa sababu gani, nawe kwa nini uliikubali?"

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika Fallout 3, mtu aliyeanza na sifuri ameiba vitu vidogo 30 kisha akagawa chupa 8 za maji. Namba yake ni ngapi, na mchezo utamhesabu kuwa mwema, mwovu au wa katikati? Je, hukumu hiyo ni ya haki?

2. Tunga kanuni nyingine ya kuhesabu wema ambayo haitaruhusu chupa za maji kulipia mji ulioteketezwa. Kanuni yako ina kasoro gani?

3. Katika jaribio la Slater, kwa nini ilikuwa lazima kuwa na kundi la pili lililowasiliana kwa maandishi tu?

4. Mwigizaji wa tamthilia hufuata maneno ya mwandishi, na mchezaji wa mchezo wa uhusika huchagua mwenyewe. Je, mchezaji ana lawama zaidi kuliko mwigizaji? Eleza.